Ukiona Vyaliwa, Vimepikwa

Wahenga waliposema kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, walikuwa wakimsifu fundi wa chombo. Mpishi hawakumtaja. Hata hivyo, hakuna jahazi lililowahi kuvuka bahari bila jiko, na hakuna baharia aliyeshika usukani siku tatu mfululizo akiwa na tumbo tupu. Katika zama hizi ambapo watu wenye nafasi hupanda meli, si kwa sababu wana mahali pa kwenda, bali kwa sababu wanataka kula vizuri na kutazama mandhari ya kupendeza, yule aliyesahauliwa na methali ndiye anayestahili kuulizwa kwanza. Kisa cha mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, chaonyesha ni kwa nini.

Mzee huyo alikuwa mpishi katika meli za mizigo tangu mwaka 1972 hadi mwaka 1998. Kwa miaka ishirini na sita aliizunguka dunia akiwa chini ya sitaha. Jikoni mwake mlikuwa na vidirisha viwili vya duara vilivyofunikwa na mvuke kutwa kucha. Meli ilipotia nanga na mabaharia wengine kwenda mjini, ndipo kazi yake ilipozidi, maana alilazimika kuhesabu magunia ya viazi, kupokea nyama na kupanga mboga katika vyumba vya baridi. Alipoinua kichwa, gati lilikuwa limeshaachwa nyuma. Ndiposa alizijua bandari za watu kwa harufu na kelele zake, wala si kwa sura zake.

Mkewe alibaki nyumbani na watoto watano. Yeye pia alikuwa mpishi, ila jiko lake halikuyumba. Kila alfajiri alikaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi za kuuza, kwa kuwa mshahara wa baharia hufika kwa mwendo wa meli. Kilichomfariji ni kadi za picha alizotumiwa na mumewe. Mojawapo aliibandika ukutani, karibu na saa. Ilitoka Narvik, bandari ya kaskazini mwa Norwe ambako chuma kutoka Uswidi hupakiwa melini, nayo ilitumwa Desemba mwaka 1983. Pichani ilionekana milima saba iliyosimama safu moja nyuma ya maji yaliyotulia, mithili ya ndugu waliopangwa kupigwa picha ya sikukuu.

Mzee aliporudi likizo aliulizwa, "Milima hii uliiona?"

"Niliiona," alijibu. Naye akasimulia jinsi ilivyometa kwa theluji, jinsi meli ilivyopita chini yake polepole, na jinsi alivyotamani mkewe awe pale kando yake. Watoto walilala kwa hadithi hiyo. Kila mgeni aliyeingia nyumbani aliisikia, na baada ya miaka arubaini kadi ile ilikuwa imepauka lakini hadithi ilikuwa ingali mbichi.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, binti yao wa tatu, ambaye ni muuguzi mjini Bergen huko huko Norwe, alipiga simu. Baada ya kuwaamkia wazazi wake, aliwaarifu kwamba yeye na nduguze wameweka akiba ya kuwapeleka safari ya meli ya kitalii. Sharti lilikuwa moja tu: wazazi wachague wenyewe, na wachague palipo na chakula kizuri na mandhari nzuri. Baada ya majuma mawili, vijitabu vitatu vyenye picha za rangi vilifika.

Kijitabu cha kwanza kilihusu Icon of the Seas, meli iliyoanza kubeba watalii mwaka huo huo wa 2024 kutoka Miami, Marekani, kwenda visiwa vya Karibea. Ukubwa wake kwa kipimo cha meli ni tani 248,663, yaani zaidi ya mara tano ya Titanic. Ina sitaha ishirini, mabwawa ya kuogelea na michirizi ya kuteleza majini, na ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600. Mzee alivutiwa mno. Alikitazama kijitabu kile kama mjenzi wa kibanda anavyotazama ghorofa. Kisha jicho la mpishi likaamka.

"Watu elfu saba na mia sita wakila mara tatu kwa siku," alisema, "hizo ni sahani zaidi ya elfu ishirini na mbili. Ni mvuvi gani wa kisiwani atakayelisha jeshi hilo?"

Hapo ndipo alipoitoa elimu yake, ambayo haimo katika kijitabu chochote. Kwa maoni yake, anayechagua meli kwa ajili ya chakula hana budi kuuliza maswali matatu. La kwanza: samaki huyu alipandia wapi? Meli kubwa kupita kiasi hupakia sehemu kubwa ya akiba yake katika bandari ya kuanzia. Si kwamba chakula chake ni kibaya, la hasha. Wapishi wake ni mafundi hodari. Tatizo ni kuwa utakula kile kile, meli iwe mbele ya kisiwa hiki au kile, na kisiwa kitabaki kuwa picha ya dirishani. Swali la pili: meli huingia bandarini saa ngapi na kutoka saa ngapi? Meli inayotembea usiku na kulala gatini mchana humwonyesha abiria miji, lakini humficha njia. Inayotembea mchana humpa njia, ila miji huigusa tu. Msafiri na ajue anataka kipi. La tatu: nauli imelipia nini? Katika meli nyingi mkahawa mkuu umo ndani ya nauli, ilhali mikahawa maalumu, vinywaji, matembezi ya nchi kavu na bahashishi ya wahudumu huja mwishoni kama deni la harusi.

Kijitabu cha pili kilihusu Mto Naili, baina ya Luxor na Aswan. Safari hiyo huchukua siku tatu au nne kwa kawaida, kwa meli ndogo ambazo husimama Edfu na Kom Ombo ili wasafiri wazuru mahekalu ya kale. Pande zote mbili huonekana mitende, mashamba mabichi, na nyuma yake jangwa. Mezani kuna ful, yaani maharagwe ya Misri, mkate wa moto, kuku na samaki wa mtoni, na Mwislamu hana haja ya kuuliza nyama ilichinjwa vipi. Dosari iliyojulikana ni kuwa bandarini meli hizo hufungwa ubavu kwa ubavu, hata abiria akifungua pazia akakutana uso kwa uso na abiria wa meli jirani.

Mzee aliisifu safari hiyo kwa bidii ya kushangaza. Aliitetea asubuhi, akaitetea tena jioni. Mkewe alimsikiliza, kisha akauliza swali ambalo halikutarajiwa.

"Na hiki cha tatu, Baba watoto, mbona hukifungui?"

Kijitabu cha tatu kilihusu pwani ya Norwe. Kilieleza njia ya meli iitwayo Hurtigruten, iliyoanzishwa mwaka 1893 na nahodha Richard With ili kupeleka barua, mizigo na watu katika vijiji vya kaskazini ambavyo havikufikika kwa barabara. Hadi leo meli za njia hiyo hutoka Bergen hadi Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, na kurudi. Huchukua siku kumi na mbili na kutia nanga katika bandari thelathini na nne, nyingine kwa saa kadhaa, nyingine kwa robo saa tu. Hubeba abiria mia kadhaa, na pamoja na watalii humo mna wenyeji wanaokwenda hospitali, wanaorudi nyumbani, au wanaosafirisha shehena. Hazina kasino wala michirizi ya kuteleza. Zilicho nacho ni pwani yenyewe, pamoja na zile hori nyembamba zilizobanwa na majabali marefu, ambazo wenyeji huziita fjord. Hori ya Geiranger iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005.

Katika ukurasa wa katikati palikuwa na milima saba iliyosimama safu moja. Bibi aliinuka, akaibandua kadi ukutani, akaiweka kando ya ukurasa. Ilikuwa milima ile ile. Jina lake ni De Syv Søstre, yaani Dada Saba, nayo iko katika kisiwa cha Alsten. Kilele kirefu kuliko vyote kina mita 1,072. Ngano za huko husema kuwa ni wanawake wa majitu waliogeuka mawe jua lilipowachomozea.

"Tutakwenda hapa," alisema bibi. "Nataka unionyeshe."

Kuanzia siku hiyo, mzee aligeuka hodari wa kutoa sababu. Alisema huko ni baridi. Binti akajibu simuni kwamba Septemba baridi yake si ya kumtisha mtu mwenye koti. Alisema jua la kule halichwi, nao wataswali Magharibi saa ngapi? Binti akaeleza kwamba jua lisilotua ni la miezi ya katikati ya mwaka, na kwamba Waislamu wakaao huko msimu huo hufuata saa za Makka au za mji wa karibu ambako jua hutua. Septemba jua huzama kama kawaida, na usiku ukiwa hauna mawingu, mianga ya kijani ya kaskazini huweza kuonekana angani. Alisema watakula nini, ilhali nyama yao haijulikani? Binti akacheka. "Baba, samaki hachinjwi." Alichotakiwa kukiepuka ni nyama na mchuzi uliotiwa mvinyo, na hilo ni la kumwambia mpishi mapema. Nani ajuaye kuzungumza na mpishi wa meli kumshinda yeye?

Sababu zilipokwisha, ulibaki ukweli. Usiku mmoja baada ya Isha, wakiwa wameketi barazani, mzee aliutoa kwa shida, kama mtu atoaye mwiba. Desemba ile ya mwaka 1983 hakuiona milima yoyote. Majira hayo kaskazini mwa Norwe jua halichomozi kwa majuma mengi. Meli iliingia Narvik gizani, ikapakia chuma gizani, ikatoka gizani, naye alikuwa jikoni akimenya viazi. Kadi aliinunua kwa baharia mwenzake aliyepata ruhusa ya kushuka. Theluji, mwendo wa polepole, na ile hamu ya kutamani mkewe awe kando yake, vyote alivitunga. Akasita, kisha akasema kwamba hamu haikuwa ya kutunga.

Bibi hakusema neno. Kwa siku mbili chakula kilikuja mezani kwa wakati wake, chumvi ikiwa sawa, lakini bila mazungumzo. Si rahisi kumlaumu. Kadi ile ilikuwa ndiyo malipo ya subira yake. Kila alipoamka saa kumi usiku kukanda unga, alijiliwaza kwamba walau mmoja wao anaiona dunia. Sasa aliambiwa kuwa siku zile zote wote wawili walikuwa wamefungiwa jikoni, mmoja Mombasa na mmoja baharini, na hapakuwa na aliyekuwa akitazama nje.

Siku ya tatu alisema, "Tutakwenda vile vile. Safari hii utaiona kwa macho yako, na mimi ndiye nitakayekusimulia."

Lilibaki jambo moja la hesabu. Binti alikuwa amekusudia kuwalipia nusu ya safari, kutoka Bergen hadi Kirkenes, kisha warudi kwa ndege, kwani gharama ni nafuu. Mzee, ambaye sasa alikuwa amekisoma kijitabu kwa makini, alikataa. Ratiba ya njia hiyo imepangwa kwa namna ambayo sehemu nyingi zinazopitwa usiku wakati wa kwenda hupitwa mchana wakati wa kurudi. Wakati wa kwenda, meli hufika Sandnessjøen, chini ya Dada Saba, kabla ya mapambazuko. Wakati wa kurudi hufika pale karibu na adhuhuri ya siku ya kumi. Anayekwenda bila kurudi huipita milima ile akiwa usingizini. Ikakubaliwa kwamba watakwenda na kurudi.

Walisafiri Septemba. Bibi alipanda melini akiwa na chupa ya achari ya ndimu mkobani, kwani hakuwa na imani na nchi isiyojua pilipili. Jioni ya kwanza alikaa mezani wima, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja kuposa. Mhudumu alipomwekea sahani, alitaka kuinuka kusaidia. Binti alimshika mkono. Kwa muda wa miaka hamsini hakuna mtu aliyempikia isipokuwa alipokuwa mzazi kitandani, na raha hiyo ilimchukua siku mbili kuizoea.

Mzee naye hakuacha swali lake la kwanza. Katika kila bandari ya asubuhi alisimama sitahani akitazama mashine ikiingiza makasha. Alishuhudia samaki wakipakiwa asubuhi, na jioni akaona samaki mezani. Palikuwa na supu nyeupe ya samaki na samoni wa kuoka, na palikuwa na torsk, samaki mweupe wa bahari baridi ambaye nyama yake huachana vipande vipande kama kitabu kilicholowa. Palikuwa na jibini la rangi ya kahawia lenye utamu wa sukari iliyoungua, na vitunda vya porini vya rangi ya machungwa vitokavyo kwenye vinamasi vya kaskazini. Huko Kirkenes walikuta kaa mkubwa mwenye miguu mirefu, ambaye wataalamu wa Kisovieti walimhamishia bahari hiyo katika miaka ya 1960. Bibi alimtazama kaa huyo, akaisukuma sahani kwa binti yake.

Alilalamika mara moja tu, kwamba chakula hakina viungo. Mzee akamwambia kwamba samaki akiwa wa leo, mpishi hana la kuficha. Bibi aliafiki, lakini achari hakuirudisha mkobani.

Siku ya nne alasiri, meli ilipotoka Bodø na kuikata Vestfjorden, mawimbi yaliinuka na wasafiri wengi wakajificha vyumbani. Mzee alibaki nje. Haya ndiyo maji aliyoyapita kuelekea Narvik. Mbele yake visiwa vya Lofoten vilisimama kama ukuta wa msumeno. Humo ndimo torsk hufika kutaga mayai kila mwanzo wa mwaka kutoka Bahari ya Barents, na humo ndimo wavuvi humtundika kwenye vichanja kati ya Februari na Mei, bila chembe ya chumvi, akakaushwa na upepo na baridi pekee, kisha akauzwa hadi Italia na Nijeria. Septemba vichanja vilikuwa vitupu, lakini harufu ilikuwa ingalipo. Bibi alinusa, akasema, "Papa." Ni kweli kwamba si papa, bali ni harufu ile ile ya soko la samaki mkavu nyumbani. Mzee aliwaza kwamba lau vidirisha vyake vingefunguka mwaka ule, pengine angeijua Narvik kwa harufu hiyo, na asingekuwa na haja ya kusema uongo.

Siku ya kumi, karibu na adhuhuri, kengele ya chakula cha mchana iliwakuta wameketi dirishani. Supu ililetwa. Mara binti akaonyesha kwa kidole. Milima ilikuwa inatokea, mmoja baada ya mwingine, nyuma ya maji ya kijivu. Hapakuwa na theluji iliyometa. Mawe yalikuwa meusi, na wingu zito lilikuwa limeangukia upande mmoja.

Bibi alitoka nje bila koti. Mzee akamfuata. Alihesabu kwa sauti, "Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano." Akanyamaza. "Wawili hawaonekani."

"Tungoje," alisema mzee.

Bibi akaanza kusimulia, kama alivyoahidi. Alisema hawa watano ni wakubwa waliokwisha kuamka. Wale wawili wamo jikoni.

Walisimama pale mpaka mlima wa sita ulipotokea. Wa saba haukutokea. Ndani, mhudumu aliinua bakuli zao mbili, akazirudisha jikoni ili zipashwe moto. Mzee, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakumsamehe baharia aliyeacha supu yake ipoe, hakugeuka nyuma.

Anayetaka kuchagua meli kwa ajili ya chakula na mandhari hana haja ya kuanzia kwenye picha, kwa maana picha hata mtu aliye gizani aweza kuituma. Aulize samaki alipandia wapi. Aulize ni saa ngapi mlima utapitwa. Kisha akumbuke kwamba chini ya miguu yake, nyuma ya kidirisha chenye mvuke, yupo mtu anayemenya viazi, na kwamba mtu huyo naye ana nyumba, na nyumbani kwake pengine ipo kadi ukutani.